Uzi: Kununua na kufufua pikapu kuukuu kwa fedha kidogo hapa visiwani, tazama chesisi kabla ya injini

Mwanzisha uzi (Chake Chake)

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Wapo wenzangu humu walioniuliza mara kadhaa habari ya pikapu yangu, nami nikawa naahirisha. Sasa imemaliza msimu mzima wa karafuu barabarani bila ya kuvutwa kwa kamba hata siku moja, kwa hiyo naona nina haki ya kusema. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu nilipoanza mimi sikumpata mtu wa kunieleza mambo haya kwa utulivu, na kutojua kwangu nilikulipia.

Gari yenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1982, ya umbo lile la tatu lililotoka kiwandani kuanzia 1978 hadi 1983, yenye bodi refu la nyuma na injini ya petroli ya 12R, silinda nne, lita 1.6. Jambo moja ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, na naliweka mwanzo ili msomaji asilitafute: katika visiwa vyetu, anayenunua pikapu kuukuu ananunua chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini na inayobeba gari yote. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, viti hushonwa upya, lakini chesisi iliyoliwa na chumvi ndani kwa ndani hukumaliza fedha na gari usiipate.

Nasema hivi kwa kuwa limenifika. Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa Datsun ya miaka ya sabini, niliyoinunua Unguja kwa mtu ambaye sina haja ya kumtaja. Injini iliwaka kwa ufunguo mmoja, rangi ya buluu ilikuwa inang'aa, nami nikatoa fedha siku ile ile. Sikuinama kutazama chini. Mwezi wa nne tangu kuinunua, nikiwa nimepakia mchanga na ninateremka kilima, nilisikia mlio mkavu nyuma yangu kama tawi linalokatika, bodi la nyuma likalala upande na tairi likaanza kusugua bati. Chesisi ilikuwa imekatika juu ya ekseli, upande wa kulia, na pale ilipokatikia chuma kilikuwa kimebaki chembamba kama karatasi, kimefunikwa kwa pati (ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi) na rangi mpya nyeusi. Niliwauzia wanunuzi wa chuma chakavu. Injini ile nzuri niliitoa, na hadi leo imekaa juu ya matofali bandani kwangu, haina gari ya kupandishwa.

Basi nilipoambiwa habari ya hii Hilux, nilikwenda na vitu vinne: nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, tochi, na kipande cha sumaku nilichokitoa katika spika mbovu ya redio. Gari ilikuwa shambani, nje ya Wete, imesimama chini ya mdoriani kwa miaka tisa tangu mwenyewe alipofariki. Matairi yalikuwa yameshuka hadi rimu zimekalia udongo, na ndani ya kebini mlikuwa na harufu ya karafuu, maana punje zilikuwa zimejaa chini ya kiti. Nilitandika jamvi nikaingia chini.

Chesisi ya pikapu ni mihimili miwili mirefu iliyo mitupu ndani kama boksi. Maji na tope huingia kupitia matundu ya kiwandani, tope likakaa, matundu ya kutolea maji yakaziba, na chuma kikaanza kuoza kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo siku unapoiona kutu nje, ndani kazi imeshafanyika muda mrefu. Chumvi huharakisha kwa sababu huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua. Gonga mhimili kwa nyundo kila baada ya upana wa viganja viwili, kutoka mbele hadi nyuma, na usikilize. Chuma kizima hulia kwa sauti ya juu, na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilichooza huitikia kwa sauti nzito na fupi, kama unayegonga gunia, na nyundo haikurudii. Sauti inapobadilika, bonyeza pale kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu zako zote, wala usimwonee haya mwenye gari. Mahali pa kuchunguza kuliko pote ni pale mhimili unapopanda kuivuka ekseli ya nyuma, kisha vishikio vya springi, kisha pale kebini inapokalia mipira yake. Kwenye hii yangu bisibisi ilipenya mahali pawili tu, pote nyuma ya kishikio cha springi cha kushoto, eneo lisilozidi kiganja. Mahali pengine pote palilia kwa sauti ya juu.

Sumaku ni ya bodi. Ipitishe juu ya rangi polepole, na ikiteleza bila ya kushika, ujue chini hakuna bati, kuna pati. Mlango wa dereva ulikuwa na pati theluthi yote ya chini. Halikunitisha hilo, kwa sababu mlango haubebi mzigo.

Injini haikuweza kuwashwa, na hilo ndilo lililoshusha bei hadi shilingi milioni 3.

Mwanzisha uzi, sehemu ya pili: injini na breki

Gari iliyokaa miaka tisa, usiiunganishe betri mpya ukapiga stata siku ya kwanza. Ringi za pistoni huwa zimeshikana na silinda kwa kutu nyepesi, na stata huzing'oa kwa nguvu na kuikwaruza silinda. Mimi nilifungua plagi zote nne, nikamimina katika kila tundu vijiko vichache vya oili iliyochanganywa na dizeli, nikaziba kwa kitambaa, nikasubiri. Siku ya kwanza nilijaribu kuzungusha kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, ikakataa. Siku ya tatu ilisogea kama upana wa kidole, nikairudisha, nikaisogeza tena, hadi ikamaliza mzunguko mzima. Ndipo nikamwaga oili, ambayo ilitanguliwa na maji, nikaweka mpya na chujio jipya.

Tangi la mafuta nililishusha, nikatia kokoto chache na maji ya sabuni, tukalitikisa watu wawili mpaka mikono ikafa ganzi, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama ya udongo wa Pemba. Lilikaushwa juani siku mbili. Kama tangi lenu limetoboka, nawaomba sana msimpe fundi alichomelee bila ya kuondoa kabisa mvuke wa petroli ndani yake, kwa kuwa tangi tupu lenye mvuke huripuka kuliko lililojaa. Kabla ya kabureta niliweka chujio dogo la plastiki angavu, ili uchafu utakaoendelea kutoka niuone kwa macho.

Platini, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, nilizisugua kwa msasa laini nikaziweka nafasi ya milimita 0.45, plagi milimita 0.8. Hata hivyo siku nzima injini ilikuwa inapiga chafya ndani ya kabureta bila ya kuwaka. Panya walikuwa wamekula waya za plagi, na aliyezibadilisha kabla yangu alizichomeka kwa kufuata mstari, 1-2-3-4, wakati mpangilio wa kuwaka wa injini hii haufuati mstari. Nilipozirudisha mahali pake iliwaka kwa jaribio la pili. Mama yangu alitoka jikoni kuja kuisikiliza.

Kuwaka huko ndiko kunakowapoteza wengi, maana gari ikishanguruma mtu hutaka kuiendesha. Nawasihi: breki kwanza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na katika gari iliyosimama kwenye hewa yetu unyevu huo hukaa ndani ya silinda ndogo za magurudumu na kuzitoboa kwa kutu mashimo madogo yasiyoziba kwa raba mpya. Nilifungua dramu zote nne za breki. Silinda mbili za nyuma zilikuwa zimeganda kabisa, za mbele zilitembea lakini ukipitisha ukucha ndani yake ulikwaruza. Paipu ya chuma inayopita kandokando ya chesisi, nilipoishika kuifuta tope, ilikatikia mkononi. Fikiria ingekatika siku gani kama ningetoka nayo siku ile ilipowaka.

Nilibadilisha masta silinda (pampu kuu ya breki), silinda nne za magurudumu, mipira ya breki na paipu zote. Spea niliagiza Kariakoo, zikavuka bahari kwa boti. Hapa nilifanya kosa ninalotaka lisirudiwe: nilizisafisha sehemu za ndani kwa petroli, kama nilivyokuwa nimeona watu wakifanya. Petroli na oili huzivimbisha raba za breki. Baada ya wiki mbili gari ilianza kujizuia yenyewe, dramu zinapata moto, na nilipofungua nilikuta raba zimevimba na kulegea kama embe lililoiva kupita kiasi. Nilinunua seti ya pili. Sehemu za breki husafishwa kwa mafuta ya breki yenyewe au spiriti, basi. Unapotoa upepo kwenye breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo katika magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari haitembei sana.

Umeme nitaupitia haraka. Karibu kila hitilafu ilikuwa ni waya wa kwenda kwenye bodi ulioota ukungu wa kijani. Nilisugua hadi chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka vaselini. Taa zote zikarudi.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe)

Wa alaykumu salaam. Mimi ni fundi wa kuchomelea mwenye miaka mingi katika kazi hii, na nimefurahi kuona mtu anaanza na chesisi. Naomba niongeze jambo ambalo wenye magari hawalijui na baadhi ya mafundi wanalipuuza. Kiraka cha chesisi hakikatwi kwa mstari wa wima. Ukichomelea kwa mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini ya mhimili, umetengeneza mahali pa kukatikia, kwa sababu chuma kilichopata moto hubadilika tabia, na mzigo wote unakipinda mahali pamoja. Kiraka kikatwe mshazari, au kichongwe ncha mbili kama kipande cha kashata kilicholala, ili nguvu isambae. Pia kuchomelea juu ya kutu si kuchomelea. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa mara tatu ya ulilokuja nalo. Na kabla ya kuwasha mashine, vua waya za betri na za alteneta, na usogeze paipu za breki na za mafuta.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana fundi, na hivyo ndivyo nilivyofanyiwa. Kiganja kile nilichokitaja kiliishia kuwa tundu la urefu wa dhiraa moja kasoro, na fundi wangu akaweka sahani ya milimita 3 yenye ncha mbili. Nilisubiri kipupwe kwa kazi hiyo. Chuma kilichosuguliwa wakati wa masika huanza kupata wekundu kabla hujafungua kopo la rangi.

Mchangiaji (Jambiani)

Kaka yangu nimekusoma neno kwa neno. Sisi ni wakulima wa mwani, kina mama kumi na mmoja, na tunataka kununua pikapu ya pamoja ya kubebea mwani kutoka pwani hadi mahali pa kuanikia. Tumeonyeshwa moja ambayo imefanya kazi hiyo hiyo kwa miaka sita, na inauzwa rahisi sana. Unatushauri nini?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, hiyo msiichukue kabla ya mtu kuingia chini yake na nyundo, na nakwambia kwa moyo mweupe kwamba sitarajii itapona. Mwani mbichi hutiririsha maji ya bahari muda wote wa safari. Maji hayo hupita kwenye maungio ya sakafu ya bodi na kuangukia juu ya chesisi, juu ya paipu za breki, juu ya springi, kila siku kwa miaka sita. Tafuteni gari iliyobeba matofali, kuni au ndizi, hata ikiwa na sura mbaya na bei ya juu kidogo.

Na mtakayoinunua, sakafu yake itandikwe turubai zito lililokunjwa kingo juu kama sinia, ili maji ya mwani yatokee nyuma tu. Kila jioni ioshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kuosha kwenyewe kuanzie chini: mpira wa maji uingizwe kwenye matundu ya chesisi mpaka yanayotoka yawe meupe. Matundu yakiziba yazibuliwe kwa waya. Mara mbili kwa mwaka, gari ikiwa imekauka kabisa, fundi apulizie ndani ya mihimili grisi iliyolainishwa kwa mafuta ya taa kidogo, akizifunika dramu na mipira kwanza. Wapo wanaotumia oili chafu. Mimi nimeiacha, kwa sababu hudondoka, na huku kwetu kisima hakiko mbali na gari inapolala.

Mchangiaji (Mkokotoni)

Kwa heshima, naona umejisumbua bure na petroli. Mimi ningeitupa hiyo 12R na kuweka injini ya dizeli ya 2L, ile ya lita 2.4. Zimejaa, na dizeli ina nguvu ya kubeba.

Mwanzisha uzi

Sikupingi kuhusu nguvu, na mwenye uwezo afanye. Lakini kichwa cha uzi ni fedha kidogo. Injini ya dizeli ni nzito zaidi, inahitaji vishikio vyake, mara nyingi giaboksi yake, waya za plagi za kupashia moto, na namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe kwa utaratibu. Tena vali za 2L huendeshwa kwa mkanda wa taimingi, na hujui aliyeitoa kwenye gari yake aliubadilisha lini. Ukikatika, vali hukutana na pistoni, na injini yako mpya inashushwa tena. 12R ina mnyororo badala ya mkanda huo, kabureta moja, na kila kitu chake naweza kukifikia kwa spana tano. Kwa mizigo yangu ya magunia ya karafuu na ndizi, kutoka Konde hadi Chake, haijanishinda.

Mchangiaji (Bububu)

Mimi ninayo Land Rover ya pikapu ya mzee wangu, Series III. Niliambiwa injini hizi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, na sasa haipo. Je, itaharibika?

Mwanzisha uzi

Ni kweli kwamba petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na risasi ile ilikuwa ikivilinda viti vya vali, yaani pale vali zinapokaa zikifunga. Usiwe na haraka ya kushusha injini. Pima nafasi za vali kila baada ya kilomita elfu chache, na uziandike. Ukiona za ekzosi zinapungua kila unapopima, viti vinaliwa, na siku silinda hedi itakapofunguliwa kwa sababu yoyote, itiwe viti vigumu. Bodi lako ni la aluminiamu, chesisi si aluminiamu. Anza na nyundo.

Mchangiaji (Micheweni)

Umesema mwenye gari alifariki. Ulinunua kwa nani, na kadi ilikuwa kwa jina la nani? Nimeona Hilux moja katika hali hiyo hiyo, na mjane yuko tayari kuuza.

Mwanzisha uzi

Swali hili lilistahili kuwa la kwanza, ahsante kwa kuliuliza. Kadi ilikuwa kwa jina la marehemu. Mjane alikuwa tayari kuniuzia siku ile ile, na mama yule mwaminifu hakuwa na nia mbaya hata kidogo, lakini gari ya marehemu ni mali ya warithi wote. Mjane mwenye watoto ana thumuni ya kile kinachobaki baada ya madeni na wasia, na zilizobaki ni za wenziwe. Ningemlipa yeye peke yake, siku mtoto aliye Unguja angerudi angekuwa na haki ya kuniuliza gari ya baba yake imekwendaje kwangu. Tulisubiri miezi mitatu mpaka mirathi ikapita kwa kadhi, warithi wote wakatia saini, na fedha nilizikabidhi mbele ya mashahidi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshasugua kutu juu ya mhimili wa kulia nikaisoma namba ya chesisi, herufi kwa herufi, nikailinganisha na kadi. Kama namba haisomeki, au imegongwa upya, iache gari hiyo hata ikipewa kwa sadaka. Miezi ile mitatu ilinifaa, kwani nilipata muda wa kuuliza bei za spea.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe)

Kwa faida ya wengine, taja gharama. Na rangi uliipaka ngapi?

Mwanzisha uzi

Gari milioni 3. Chuma na kuchomelea laki 9. Breki milioni 1 na elfu 150, ikiwemo seti ya raba niliyoiharibu. Matairi manne milioni 1. Betri, tangi, kabureta na vitu vya injini laki 8 na nusu. Waya, taa na kushona kiti laki 4. Kadi, bima na ukaguzi laki 3. Yaani matengenezo ni milioni 4 na laki 6, na jumla yote milioni 7 na laki 6, kwa muda wa miezi kumi na minne, kwa sababu nilikuwa nafanya kadiri mshahara ulivyoruhusu na sikukopa.

Rangi bado, fundi wangu. Ile ya kiwandani, nyeupe iliyofifia, ipo kwenye paa na boneti na ni nzima. Mlango wa dereva nimeanza kuukwangua pati wiki iliyopita. Bati zima linaanzia vidole vitano juu ya ukingo wa chini, na nitakata hapo kipupwe kijacho, inshallah.